Bach, Johann Sebastian (katika Arusha na Meru)

Johann Sebastian Bach (Eisenach, 1685 – Leipzig, 1750) ni mtunzi wa Ujerumani ambaye muziki wake uliingia katika ibada za Walutheri wa Arusha na Meru kupitia nyimbo za kitabuni na matarumbeta. Wengi wanaouimba au kuupuliza hawamjui kwa jina. Kwao ni wimbo wa kitabuni tu, wenye namba yake ubaoni karibu na madhabahu.

Maisha

Alizaliwa katika ukoo wa wanamuziki, akabaki yatima akiwa na miaka 10, akalelewa na kaka yake. Alioa mara mbili na kupata watoto 20; nusu yao walifariki wadogo. Kuanzia 1723 hadi kifo chake alikuwa mwalimu wa muziki wa Kanisa la Mtakatifu Thomas, Leipzig. Kazi zake kubwa zilisahauliwa kwa muda mrefu, hadi Felix Mendelssohn alipoongoza mojawapo, Mateso ya Yesu kadiri ya Mathayo, jijini Berlin mwaka 1829.

Kutoka Leipzig hadi Meru

Njia ya Bach kufika Meru ilianzia katika mji wake mwenyewe. Misioni ya Leipzig ilianzishwa Dresden mwaka 1836, ikahamia Leipzig 1848, na wamisionari wake wakafika Kilimanjaro 1893. Oktoba 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Jibu la serikali ya Kijerumani lilikuwa msafara wa adhabu wa kikatili, ambao Wameru na Waarusha waliulipia kwa damu na mifugo. Misioni ilirejea na kufungua kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Nyimbo za Kijerumani zilianza kufundishwa kwa watu ambao kumbukumbu ya bunduki za msafara huo ilikuwa bado mbichi.

Tuni zenyewe kwa sehemu kubwa si za Bach. Ile maarufu ya Ijumaa Kuu, inayohusu kichwa cha Yesu chenye taji ya miiba, ilitungwa na Hans Leo Hassler na kuchapishwa 1601 kama wimbo wa mapenzi. Bach aliipangia sauti nne, tena zaidi ya mara moja. Mipango 371 ya aina hiyo ilichapishwa kati ya 1784 na 1787. Humo besi haikai chini kumsubiri soprano; inatembea yenyewe, na ndiyo maana waimbaji wa besi huipenda pindi wakishaishika kwa solfa. Kabla ya hapo huichukia.

Matarumbeta

Hapa ndipo Bach anaposikika hasa. Vinanda vikubwa vya filimbi alivyoviandikia ni adimu Tanzania, lakini vikundi vya tarumbeta viko katika sharika nyingi za kaskazini. Asili yake ni vikundi vya wapulizaji vya Walutheri wa Ujerumani vya karne ya 19, ambavyo mchungaji Johannes Kuhlo wa Bielefeld (1856–1941) aliviandalia vitabu vya sauti nne. Kuhlo alitaka ala ziimbe kama kwaya, na nyimbo zilizopangwa na Bach zilimfaa sana.

Alfajiri ya Pasaka, jua likiwa bado nyuma ya Kilimanjaro, wapulizaji husimama kwenye baridi ya mlimani wakipasha ala kwa pumzi. Hewa baridi ndani ya ala hushusha sauti, kwa hiyo ubeti wa kwanza huwa chini kidogo na wa tatu hukaa sawa. Kati ya beti kila mmoja huinamisha ala yake kumwaga maji. Vibonyezo vikikwama hutiwa mafuta ya cherehani.

Wapulizaji haohao hukodiwa Jumamosi kwa harusi. Hupanda nyuma ya pikapu na kuuzunguka mji mbele ya magari ya maharusi, na hapo mdundo si wa Leipzig tena. Wazee wa kanisa wamelalamika. Ada ya harusi ndiyo inayonunua ala.

Makumira

Chuo cha Makumira, karibu na Usa River, kimefundisha muziki wa pande zote mbili, wa Kijerumani na wa Kiafrika. Mmisionari Mmarekani Howard Olson alikusanya hapo nyimbo zenye tuni za Kiafrika katika kitabu Tumshangilie Mungu, kwa hoja nzito kwamba Mkristo wa Tanzania ana tuni zake. Tuni za Kijerumani hazikuondoka, hasa kwenye mazishi.

Ngarenaro

Mtaa wa jiji la Arusha. Jina ni la Kimaasai, maana yake maji meusi. Arusha inajulikana zaidi kwa muziki wa kufokafoka, ambao kundi la X Plastaz liliupeleka hadi Ulaya. Bach hufika Ngarenaro kwa ibada, na kwa kinanda cha umeme chenye wimbo wake mfupi wa majaribio, ambao watoto huubonyeza mpaka mwalimu wa kwaya achomoe waya.