Magitaa Bila Mwimbaji: Historia ya Kusikiliza Roki ya Kelele ya New York

Roki ya kelele ni tawi la muziki wa roki ambalo huifanya mivumo, mikwaruzo na milio ya gitaa la umeme kuwa kiini cha utunzi, ilhali wanamuziki wengine huiona kuwa kasoro ya kuondolewa. Imepigwa katika miji mingi, lakini historia ya upigaji wake bila mwimbaji huelezeka vyema zaidi kwa kuufuata mji mmoja, New York, na bendi moja iliyotoka humo, Sonic Youth, iliyoanzishwa mwaka 1981 na kuvunjika mwaka 2011. Wengi waliijua bendi hiyo kwa nyimbo zake zenye maneno, na kwa sababu hiyo rekodi zake ndefu za ala tupu zimekuwa zikichukuliwa kama mchezo wa pembeni, au kama ukaidi wa wasanii waliotaka kuwaudhi wasikilizaji wao. Tafsiri hiyo haizitendei haki. Rekodi hizo zimetoka katika shule ndefu ya usikilizaji, iliyoanza karibu miaka ishirini kabla ya bendi yenyewe kuzaliwa, na waliopitia shule hiyo walijifunza kukaa na sauti moja mpaka yaliyomo ndani yake yajitokeze, kabla ya kufikiria kuipamba.

Mzizi wa shule hiyo uko katika kikundi cha mtunzi La Monte Young kilichoitwa Theatre of Eternal Music, ambacho katika miaka ya 1960 kiliwakutanisha wanamuziki kama Tony Conrad, mpiga fidla, na John Cale, mpiga viola, ala ya jamii ya fidla yenye sauti nzito zaidi. Kikundi hicho kilipiga mvumo, yaani sauti moja au chache zinazoshikiliwa kwa muda mrefu sana bila kukatika, na kama msingi wa mvumo huo kilichukua sauti ambayo mji ulikuwa tayari unaitoa: mngurumo wa mizunguko 60 kwa sekunde unaosikika katika mota na mitambo inayotumia umeme wa Marekani. Uteuzi huo ulikuwa na hekima yake, kwa kuwa ala zilizounganishwa na umeme hazikuwa na haja tena ya kugombana na mngurumo uliozaliwa na umeme huohuo, na msikilizaji aliyezoea kuupuuza alitakiwa sasa kuusikia kama noti. Cale aliuchukua ujuzi huo hadi katika bendi ya Velvet Underground, ambako alishirikiana na Lou Reed, mpiga gitaa ambaye mwaka 1964 alikuwa amekwisha kurekodi wimbo The Ostrich kwa gitaa ambalo nyuzi zake zote zilikazwa kwa noti moja.

Kukaza nyuzi zote kwa noti moja kunaonekana kuwa jambo dogo, lakini athari zake si ndogo. Uzi wa gitaa unaotetemeka mara 110 kwa sekunde hautoi mtetemo huo peke yake. Wakati huohuo nusu zake hutetemeka mara 220, theluthi zake mara 330, robo zake mara 440, na kuendelea kupanda, na sauti hizo za juu, ziitwazo harmoniki, ndizo zinazoipa kila ala tabia yake. Uzi wa pili ukikazwa karibu na wa kwanza lakini usilingane nao kabisa, tuseme mitetemo 112, sikio halisikii noti mbili, bali noti moja inayovimba na kunywea mara mbili kwa sekunde, hali ambayo wataalamu wa sauti huiita mapigo. Nyuzi nyingi za namna hiyo zikipigwa pamoja kwa nguvu kupitia amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, harmoniki na mapigo yake huchanganyikana mpaka msikilizaji husikia milio ambayo hakuna kidole kilichoipiga, na waliohudhuria maonyesho ya muziki huu wamesimulia mara nyingi kwamba walisikia tarumbeta, kengele na hata kwaya mahali palipokuwa na magitaa tu. Mapokezi ya namna hiyo humtaka msikilizaji awe sehemu ya kazi, kwani sehemu kubwa ya muziki huundwa katika chumba na katika sikio lake.

Mwaka 1975 Reed alitoa Metal Machine Music, santuri mbili zisizo na maneno wala ngoma, zenye pande nne za takriban dakika 16 kila upande. Aliyaweka magitaa mbele ya amplifaya na kuyaacha yajilize yenyewe kwa njia ya mlio wa kujirudia: sauti inayotoka kwenye spika huutikisa uzi wa gitaa, uzi huipeleka tena kwenye amplifaya, na mzunguko huo hukua mpaka kuwa mlio usiokoma. Upande wa nne uliishia katika mfereji uliofungwa kwa duara, hivyo sindano iliendelea kuzunguka mahali pamoja mpaka mwenye santuri ainuke kuiondoa. Wengi waliipokea kwa hasira, na wengine waliiona kuwa dhihaka kwa kampuni iliyoitoa. Hata hivyo mwaka 2002 kikundi cha Zeitkratzer kiliipiga jijini Berlin kwa ala za kawaida za muziki wa kitaaluma, baada ya mwanamuziki Ulrich Krieger kuisikiliza kwa uvumilivu mkubwa na kuiandika kwa noti. Kelele isiyo na umbo isingeandikika hivyo, na kazi ya Krieger ni ushahidi mzito kuliko utetezi wowote wa maneno.

Aliyeuunganisha mvumo wa Young na roki ya vilabuni kwa makusudi kamili alikuwa Rhys Chatham, aliyezaliwa mwaka 1952. Chatham alikuwa fundi wa kukaza piano, na kazi hiyo yastahili kutajwa, kwa sababu fundi wa piano hupitisha siku nzima akisikiliza mapigo baina ya nyuzi na kuyapunguza au kuyaongeza mpaka ala itulie. Sikio lake tayari lilikuwa limefunzwa kusikia kile ambacho wengine hukipita. Alikuwa pia mkurugenzi wa kwanza wa muziki katika ukumbi wa The Kitchen, ambako watunzi wapya wa New York walipata jukwaa. Mwaka 1976 alikwenda katika klabu ya CBGB kuwasikiliza Ramones, bendi ya panki, yaani roki fupi, ya kasi na isiyo na mapambo, na mwaka uliofuata alitunga Guitar Trio, ambamo magitaa ya umeme hupiga kodi moja tu, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, juu ya mdundo wa ngoma, huku wapigaji wakihamisha mahali pa kupiga uzi ili harmoniki tofauti zichomoze. Kodi haibadiliki mpaka mwisho, na bado msikilizaji mtulivu husikia muziki unaotembea.

Glenn Branca, aliyeishi kati ya mwaka 1948 na 2018, aliikuza njia hiyo kwa idadi na kwa ukubwa wa sauti. Albamu yake The Ascension ya mwaka 1981 ilipigwa na magitaa manne, besi na ngoma, na mmoja wa wapiga gitaa hao alikuwa Lee Ranaldo, kijana ambaye punde angekuwa mwanachama mwanzilishi wa Sonic Youth. Mazingira ya mji yalichangia sana. Mwaka 1975 serikali ya jiji la New York ilikaribia kufilisika, na kusini mwa kisiwa cha Manhattan majengo mengi ya viwanda yalikuwa yamebaki matupu, yakakaliwa na wachoraji na wanamuziki waliohitaji nafasi kubwa kwa kodi ndogo ya pango. Muziki ulioanzia katika maghala na kumbi za sanaa zenye kuta tupu haukulazimika kufuata adabu ya ukumbi wa okestra wala biashara ya klabu ya dansi, na sauti ingeweza kupandishwa mpaka mwili wote uisikie.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1982, katika tamasha la New Music America mjini Chicago, mtunzi John Cage, mtu aliyekuwa ametetea kelele na ukimya kwa miongo kadhaa, aliusikia muziki wa Branca na kusema katika mazungumzo yaliyorekodiwa kwamba, kama ungekuwa mfumo wa siasa, ungefanana na ufashisti. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli ambayo wapenzi wa Branca wameharakisha kuikataa: sauti kubwa mno humnyima msikilizaji uhuru wa kugeuza uso. Cage hakuzingatia, hata hivyo, kwamba ndani ya ukubwa huo kila msikilizaji husikia mambo yake, kwa kuwa mapigo na harmoniki hubadilika kulingana na mahali mtu aliposimama chumbani.

Mwezi Juni 1981 Thurston Moore, aliyewahi pia kupiga katika kikundi cha Branca, aliandaa katika ukumbi wa sanaa wa White Columns tamasha la usiku tisa lililoitwa Noise Fest. Kutoka katika mkusanyiko huo Sonic Youth ilipata umbo lake: Moore na Ranaldo kwenye magitaa, Kim Gordon kwenye besi, na kuanzia mwaka 1985 Steve Shelley kwenye ngoma. Rekodi yao ya kwanza ilitolewa mwaka 1982 na Neutral Records, lebo ambayo Branca alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Magitaa yao ya mwanzo yalikuwa ya bei ndogo, na gitaa duni lililokazwa kwa kawaida hutoa sauti duni; badala ya kulificha hilo, walizikaza nyuzi kwa namna nyingine, mara nyingine nyuzi mbili au tatu kwa noti moja, au walichomeka kijiti cha ngoma au bisibisi chini ya nyuzi katikati ya shingo, ili uzi ugawanyike mara mbili na sehemu isiyopigwa nayo iitikie. Mgawanyo uliozoeleka wa gitaa la solo linalotangulia na gitaa la ridhimu linalofuata ulififia, na magitaa mawili yakawa yanasikilizana kama Chatham alivyozisikiliza nyuzi za piano.

Namna hiyo ya kufanya kazi iliwafunga na vyombo vyao kuliko bendi nyingine yoyote ya kiwango chao. Gitaa moja liliandaliwa kwa ukazaji mmoja, pengine kwa wimbo mmoja au miwili tu, likabaki hivyo kwa miaka, likiwa na nyuzi za unene usiouzwa kwa seti na vipande vilivyobadilishwa kwa mkono. Ndiyo maana lori lililobeba vyombo vyao lilipoibwa California mwezi Julai 1999, hasara haikuweza kufidiwa dukani: baadhi ya nyimbo zilitoweka pamoja na mbao na nyaya zilizozitoa. Magitaa machache yalipatikana miaka kadhaa baadaye, lakini wakati huo bendi ilikuwa imeanza upya kwa vyombo vingine, na albamu yao ya mwaka 2000, NYC Ghosts & Flowers, ina sauti kavu na ya kupapasa ambayo haieleweki vizuri bila kuukumbuka wizi huo.

Kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo jingine lenye uzito mkubwa kwa historia hii. Mapato ya ziara ya tamasha la Lollapalooza la mwaka 1995 yaliiwezesha bendi kuwa na studio yake katika mtaa wa Murray, kusini mwa Manhattan, na mwanamuziki asiyelipia studio kwa saa anaweza kupiga kipande kimoja alasiri nzima, kisha akakaa kukisikiliza. Tunda la kwanza lilionekana mwaka 1997, walipoanzisha lebo yao wenyewe na kutoa rekodi yenye kipande kiitwacho Anagrama, cha zaidi ya dakika tisa bila neno lolote, ambamo magitaa huingia kwa upole, hupanda, husongana mpaka mashapo ya kila noti yatibuke, kisha hutua. Kampuni kubwa ya rekodi iliyokuwa na mkataba nao iliendelea kuuza albamu zao za nyimbo. Lebo yao iliachiwa majaribio, na kila rekodi ya mwanzo ilipewa majina katika lugha tofauti, kwanza Kifaransa, kisha Kiholanzi, kisha Kiesperanto, lugha iliyoundwa isiwe mali ya taifa lolote. Kwa anayeanza kuusikiliza muziki huu, Anagrama ni mlango mwema kuliko kazi nyingi zilizosifiwa zaidi, kwa kuwa humpa sikio muda wa kuzoea kabla ya dhoruba.

Rekodi ya nne ya mfululizo huo, Goodbye 20th Century ya mwaka 1999, ilikwenda mbali zaidi kwa kupiga kazi za watunzi wa majaribio wa karne ya ishirini, wakiwemo Pauline Oliveros, Steve Reich, James Tenney, Christian Wolff na Cage mwenyewe. Matokeo yake hayalingani, na baadhi ya vipande vinaonekana kupigwa kwa heshima iliyozidi ujasiri. Lakini ni jambo la kuzingatiwa kwamba wapiga gitaa wawili waliolelewa na muziki ambao Cage aliulaani waliketi miaka 17 baadaye na kupiga kazi zake, ambazo humwachia mpigaji maamuzi mengi na humtaka awasikilize wenzake.

Studio ya mtaa wa Murray ilikuwa karibu na World Trade Center, eneo ambalo Juni 2001 lilisikiliza simfonia ya kumi na tatu ya Branca ikipigwa na takriban magitaa mia moja, na ambalo miezi mitatu baadaye liliteketezwa. Bendi iliipa albamu yake ya mwaka 2002 jina la mtaa huo. Mwaka 2022 ilitolewa In/Out/In, mkusanyo wa rekodi tano za kati ya mwaka 2000 na 2010, karibu zote za ala tupu, na ndani yake mna kipande cha dakika kumi na mbili hivi kiitwacho Out & In, ambacho katika sehemu zake za kati husikika magitaa yakiacha kuongoza, yakingojeana, huku ngoma ya Shelley ikishikilia mwendo mpaka mmoja wao apate noti ambayo wengine wanaweza kuifuata.