Kadi za wapendanao za kale na siri iliyofichwa ndani

KADI ya mapenzi ya karne ya 19 haikutoa siri yake upesi. Mpokeaji aliinua karatasi iliyotobolewa mithili ya lesi, akakuta karatasi ya rangi, kisha ua, na ndani kabisa ubeti. Utamu ulikuwa katika kule kungoja.

Nchini Marekani kadi hizo zilivuma kupitia Esther Howland wa mji wa Worcester, Massachusetts. Alihitimu masomo mwaka 1847, akapokea kadi kutoka Uingereza, akaamini angeweza kutengeneza iliyo bora zaidi. Kaka yake alichukua sampuli katika safari ya biashara. Esther alitumaini oda za dola 200. Zikaja za zaidi ya dola 5,000. Ndipo akawaita wanawake rafiki zake mezani, huyu akikata picha, yule akibandika.

Mwaka 1879 alitoa kitabu cha beti. Mnunuzi aliweza kuchagua ubeti mwingine na kuubandika juu ya ule wa awali, hivyo hata asiyejua kutunga hakulazimika kutuma maneno asiyoyaamini.

Mwaka 1881 biashara ilinunuliwa na George C. Whitney. Esther, aliyewasemea wapenzi wengi, hakuolewa.