Nguo ya Mtumba na Picha ya Jamaa

Neno mtumba ni kongwe kuliko biashara inayoitwa kwa jina hilo leo. Katika karne ya 19 mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliokunjwa vizuri, ukakazwa kwa kamba na kutwikwa begani mwa mpagazi. Uzito wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Nguo iliyokuwa ndani yake ilikuwa mpya: marekani, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem, au kaniki, iliyotoka Bara Hindi ikiwa imetiwa rangi ya nili. Misafara ya Kilwa na Lindi ilichukua mitumba hiyo hadi Ziwa Nyasa, na nchi za Wamwera, Wayao na Wamakua zilikuwa njiani. Nguo katika siku zile ilikuwa fedha. Ilinunua chakula, ilinunua pembe za ndovu, na, kwa aibu ya wauzaji na wanunuzi, ilinunua watu.

Leo mtumba ni nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine katika nchi nyingine. Jina limebaki, bidhaa imegeuka. Bado inafungwa katika robota, bado inatoka ng'ambo, na bado inafika kusini, ingawa mpagazi amekwisha pumzika na gari limeshika kazi yake. Katika kugeuka huko mna sehemu kubwa ya historia ya uchumi wa Afrika Mashariki. Lakini mna pia swali dogo ambalo mwanafunzi wa historia hukutana nalo kila akabidhiwapo albamu ya zamani. Jamaa waliokwenda sokoni kuchagua nguo za mtumba ili wapigwe picha, je, picha yao husema kweli au husema uwongo?

Kabla ya kujibu yafaa kukumbuka kuwa katika pwani ya Afrika Mashariki nguo haikuwa sitara ya mwili tu. Ilikuwa cheti. Unguja, kabla ya utumwa kufutwa mwaka 1897, daraja ya mtu ilijulikana kwa vazi lake hata kabla hajafungua kinywa. Mtumwa alijifunga shuka ya marekani au kaniki; kufunika kichwa na kuvaa viatu yalikuwa mambo ya waungwana. Utumwa ulipofutwa, hati ya uhuru ilitolewa na mahakama kwa yule aliyeiomba, lakini kanzu ilinunuliwa dukani, na kanzu ilisomwa na watu wengi kuliko hati. Waliokuwa watumwa walivaa kanzu na kofia. Wanawake walijitanda kanga, na baadaye buibui. Kwa waliozoea daraja za zamani, jambo hili lilikuwa kujitwalia cheo. Kwa waliovaa, lilikuwa kutwaa haki iliyocheleweshwa.

Kamera iliingia mapema katika mambo haya. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo vizazi kadhaa vya Waunguja vilikwenda kuketi mbele ya kamera yake. Huko bara ya kusini mambo yalianza kwa namna nyingine. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza mwaka uliotangulia, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alitoka Lindi akapita Masasi, Chingulungulu na Newala, akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti. Alipiga picha nyingi za Wayao, Wamakua na Wamakonde, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1908. Picha hizo zina thamani kubwa kwa historia ya kusini. Walakini zina ila moja. Aliyepigwa hakuwa mwenye kuchagua. Elimu ya namna ile ilitafuta kabila kabla ya kumtafuta mtu: ilitaka ndonya ya mdomo, chale za uso na msuko wa nywele. Mtu aliyevaa shati la dukani hakuwa na faida kwake, maana shati halikuonyesha kabila.

Picha ya jamaa ni kinyume cha hayo. Hapa mwenye kupigwa ndiye mwenye kulipa, na mwenye kulipa ndiye mwenye kuchagua atakavyoonekana. Kwa hiyo shati la dukani, ambalo mtaalamu aliliona kuwa kizuizi, hapa ndilo shabaha. Mtu hamwambii mpiga picha, "Nionyeshe kabila langu"; humwambia, "Nionyeshe mimi, na mke wangu, na watoto wetu, siku hii."

Nchi ya Nachingwea ilionjeshwa uchumi wa mshahara kwa ghafula kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Pori lilikatwa kwa matrekta, bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango uliachwa, ukiwa umekwisha kula kiasi cha pauni milioni 36. Reli nayo ikafungwa mapema katika miaka ya 1960. Karanga hazikupatikana kama ilivyotumainiwa, lakini mazoea ya mshahara yalibaki. Mshahara huvuta duka, duka huvuta fundi cherehani, na mahali penye fundi cherehani mpiga picha naye hupata riziki.

Katika studio nyingi za Afrika za wakati ule, mteja hakulazimika kumiliki alichokivaa pichani. Mfano unaojulikana sana ni wa Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948: aliweka suti za Kizungu, tai, saa za mkono na redio ili mteja azitumie. Mteja alivaa koti, akapigwa picha, akalirudisha koti msumarini. Methali ya Kiswahili huonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini mbele ya kamera nguo ya kuazima ilisitiri kabisa, kwa kuwa kamera ilihitaji nusu saa tu, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumvua mtu koti lililo pichani.

Nguo zilizokwisha kuvaliwa zilikuwa zimeanza kuingia Afrika zamani. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, makoti ya askari yaliyobaki Ulaya yaliuzwa katika makoloni, na biashara hiyo ikakua. Watanganyika waliokuwa na mzaha mchungu walizipa nguo hizo jina la "kafa Ulaya", maana walidhani kuwa mtu mzima wa akili zake hawezi kutupa koti zima, ila kama amekufa. Jina hilo lastahili kufikiriwa. Aliyelitunga hakujua kuwa katika nchi zile nguo huachwa kwa kuwa mtindo umepita. Alipima kwa kipimo cha kwao, ambako nguo huvaliwa mpaka iwe tambara, na tambara lenyewe lina kazi. Basi jamaa waliokaa mbele ya kamera wakiwa wamevaa kafa Ulaya walikuwa, kwa itikadi yao wenyewe, wamevaa nguo za marehemu wasiowajua. Na hata hivyo walitabasamu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilitaka taifa livae kilichofumwa na taifa. Kiwanda cha Urafiki kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China kilifunguliwa mwaka 1968, na vingine vikafuata. Katika mwaka huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Hivyo vazi liliamuliwa na siasa kwa njia mbili: likatengenezwa na taifa, likakaguliwa na taifa. Uingizaji wa mitumba kwa biashara ulikatazwa, isipokuwa misaada ya makanisa na mashirika ya hisani.

Nachingwea ilikuwa na jambo lake la pekee katika miaka hiyo. Tangu mwaka 1965 hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, kambi kuu ya mafunzo ya kijeshi ya FRELIMO ilikuwa huko. Wakati huo marafiki wa ukombozi katika Ulaya, mathalan shirika la Emmaus Björkå la Sweden, walikusanya nguo zilizotumika na kuzipeleka kwa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Nguo ya mtumba, basi, haikuwa ishara ya unyonge peke yake. Kwa mpigania uhuru ilikuwa ishara ya urafiki, na hakuna aliyemcheka.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na upungufu wa fedha za kigeni, vililemaza viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo ilikuwa adimu nchini kote. Kanga zilipangiwa foleni, na mitumba ilipenya mipakani kwa siri. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka mwaka 1985, mlango ukawa wazi. Robota zikajaa Karume na Manzese huko Dar es Salaam, na kutoka hapo zikasambaa hadi minadani katika mikoa.

Tangu hapo mkulima wa Kiegei, kama mkulima mwingine yeyote wa Nachingwea au wa Ruangwa, amekuwa na majira yake ya nguo. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Fedha ya mazao ikifika, mitumba nayo hufika, kwa kuwa mchuuzi hujua kalenda ya shamba kama ajuavyo mkulima. Ndipo jamaa wenye haja ya picha, kwa ajili ya Idi, Krismasi, ubatizo, arusi, au kutolewa kwa mwali unyagoni, huenda kuchagua. Kazi hiyo si nyepesi. Robota moja, aghalabu la kilo 45, halikupangwa kwa ajili ya jamaa mmoja. Limo shati la mtu mnene wa Ujerumani na gauni la mtoto wa Kanada. Kutoka katika fujo hiyo mama lazima apate umoja. Hutafuta rangi moja kwa wote, kama vile sare ya kitenge ingekuwa, huipekua mishono, huitazama nguo juani, hukagua kwapa na kola. Suruali ya baba hupelekwa kwa fundi ipunguzwe, na gauni la binti huongezwa upindo ili lichukuliwe na mdogo wake mwaka ujao. Asubuhi ya picha nguo huwa zimefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa, na hakuna atakayejua zilitoka nchi ngapi.

Wapo wanaoitazama biashara hii kwa hasira, na hasira yao ina msingi. Kila shati la mtumba linaloshinda kwa bei ni uzi usiosokotwa Tanzania kutoka pamba ya Tanzania. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola mbili na nusu kwa kilo. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika mwaka 2017, na serikali ya Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru iliyotolewa kwa sheria ya AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nafuu yake kwa nguo ilisimamishwa. Nchi iliyouza marekani mpya Unguja katika karne ya 19 ilikuwa sasa inatetea haki ya kuuza nguo zake kuukuu. Mwanafunzi wa historia hawezi kuliona jambo hili bila kukumbuka ule mtumba wa kwanza, uliokuwa umebebwa begani.

Lakini hukumu juu ya biashara si hukumu juu ya picha. Anayesema kuwa picha ya jamaa waliovaa mitumba ni uwongo anadhani kuwa picha ilikusudiwa kuonyesha mali. Kama ingekuwa hivyo, wangepigwa picha wakiwa na magunia yao ya korosho. Picha ilikusudiwa kuonyesha hesabu ya watu na heshima yao: nani alikuwa hai mwaka ule, nani alisimama karibu na nani, na kwamba kwa siku moja wote walikuwa safi. Nguo ndiyo iliyonunuliwa, heshima haikununuliwa. Ilikuwepo, ikatafutiwa vazi la kuonekana nalo. Aliyekuwa mtumwa wa Unguja akavaa kanzu baada ya 1897 hakudanganya kuwa alizaliwa mwungwana. Alieleza kuwa sasa ni mtu huru, na kanzu ilikuwa ndiyo njia ya kueleza.

Kwa hiyo anayeshika picha kama hiyo aisome kwa hadhari mbili. Asiitumie kupima utajiri wa kijiji, maana atapotoka: koti huenda ni la studio, na gauni huenda lilinunuliwa kwa bei ya kilo mbili za unga. Wala asiitupe kuwa ni maigizo, maana atapoteza ushahidi ambao daftari la kodi na ripoti ya bwana shamba havikuandika. Daftari lilihesabu vichwa na ripoti ilihesabu magunia. Picha ya jamaa peke yake ndiyo iliyotunza jinsi watu wa mahali pale walivyotaka kukumbukwa. Nguo zenyewe zilikwisha chakaa, zikawa matambara ya kufutia taa, au zikavaliwa na mdogo, na mdogo wa mdogo, mpaka zikaisha. Waliozivaa mara ya kwanza, huko Ulaya na Marekani, hawajui kuwa ziliwahi kuvaliwa tena. Na mzee aliyebakiza picha ukutani, akiulizwa na mjukuu wake ni nani hawa, haanzi kutaja nguo. Huanza kutaja majina.