Darubini Iliyopewa Barua Isome

Neno darubini tulilipata kwa Waajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Jina hilo lilitosha kwa muda mrefu, maana chombo chenyewe hakikuwa na kazi nyingine ila kuonyesha kilicho mbali. Lakini mwaka 2023, katika mlima Palomar jimboni California, darubini moja kongwe ilikabidhiwa kazi ambayo jina lake halikuitaja.

Darubini hiyo huitwa Hale, na kioo chake kina kipenyo cha meta 5.1. Kilisubiwa mwaka 1934. George Ellery Hale, mwanafalaki aliyeipigania, alifariki mwaka 1938 bila kuiona ikikamilika. Ilizinduliwa mwaka 1948, na tangu hapo ikawa inapokea nuru ya nyota: nuru isiyoandikiwa mtu yeyote.

Tarehe 13 Oktoba 2023, Marekani ilirusha chombo cha angani, Psyche, kuelekea asteroidi yenye jina hilohilo. Ndani yake mlikuwemo mtambo wa leza wa majaribio. Mwali wa leza hutoka mwembamba, lakini kadiri usafirivyo hutanuka na kufifia, hata ukafika duniani kama chembe za kuhesabika. Kuzikinga kulihitaji kioo kipana, na kuunda kipya ni gharama kubwa. Wahandisi wakabisha hodi kwa mkongwe. Wakamfungia kipokezi kilichopozwa kwa baridi kali, chenye uwezo wa kuhesabu chembe za nuru mojamoja.

Maana ya ujumbe ilikuwa katika wakati: kila mmweko ulisomwa kwa nafasi ulipoangukia. Mshairi hatashangaa. Anajua kwamba silabi ileile, ikihama mahali pake, huharibu kina.

Tarehe 11 Desemba, kutoka umbali wa kilomita milioni 31, ilifika video ya sekunde 15, iliyowekwa chomboni kabla ya safari: paka akifukuza doa la leza. Mwali ulisafiri sekunde 101, ukashusha megabiti 267 kwa sekunde. Video hiyo ilipotumwa kwa intaneti kutoka Palomar hadi maabara, ilikwenda polepole kuliko ilivyoshuka kutoka angani.

Hata hivyo, mawimbi ya redio hupenya mawingu. Mwali wa leza huzimwa nayo. Msomaji huyu hutegemea hisani ya anga.

Je, tutafute neno jipya? Sioni haja. Barua nayo, kabla ya kusomwa, sharti ionekane.