Muhuri wa Parokia na Kazi ya Kutia Chapa



Katika ofisi ya parokia, Katindo kama pengine, kuna muhuri mdogo. Katekista anaugonga juu ya cheti cha ubatizo, anaurudisha mahali pake, wala hafikiri tena. Siku moja augeuze, atazame uso wake. Ataona ya kuwa herufi zote zimekaa kinyume. Hiyo ndiyo siri ya kutia chapa: herufi ikae kinyume, ili karatasi isomeke sawasawa.

Mjini Mainz, katika Ujerumani, nyumba ya makumbusho ya Gutenberg ilianzishwa mwaka 1900. Ina pia chumba cha kazi, ambamo mgeni hatazami tu. Anaokota herufi moja moja, anazipanga vichwa chini, anapaka wino, anaweka karatasi, anakandamiza kwa mashini. Mikono yake inachafuka, na hapo anafahamu jasho la wazee wetu.

Katika mji ule Johannes Gutenberg alimaliza Biblia yake ya Kilatini karibu na mwaka 1455, mistari 42 katika safu. Herufi zake zilikuwa za risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Ukurasa ulipokwisha, herufi zilitawanywa, zikapangwa tena kwa ukurasa mwingine. Mwandishi wa mkono alitoa kitabu kimoja kwa taabu kubwa. Gutenberg alitoa yapata 180 pamoja.

Je, sisi? Mwaka 1624, katika Lisboa, katekisimu ilitiwa chapa kwa Kireno na Kikongo, mstari kwa mstari. Padri Mateus Cardoso, Mjezuiti, aliisimamia. Lakini waliotafsiri ni walimu wa kanisa la Mbanza Kongo, maana yake makatekista. Basi kazi ya katekista imo katika chapa yetu tangu mwanzo.

Huko Unguja, Waanglikana walifika mwaka 1864 pamoja na Edward Steere, wakaweka mashini. Vijana waliokombolewa katika utumwa walijifunza kupanga herufi. Mwaka 1888 gazeti lao, Msimulizi, lilitoka Kiungani. Yule aliyeuzwa kama kitu sasa anapanga maneno yatakayosomwa na wengine.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa Goma zaidi. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mjini, na kanisa kuu la Mtakatifu Yozefu likaangamia. Misale ikiungua, twapata nyingine Bukavu au Roma, kwa sababu zilitiwa chapa nyingi. Bali daftari iliyoandikwa kwa mkono, iliyo moja tu, ikiungua imekwisha. Kitabu chenye ndugu wengi hakifi upesi. Kisicho na ndugu hufa siku moja.

Na tazameni: habari za makapela yetu zimeandikwa wapi? Nani alifundisha kwanza, nani alitoa shamba, nani alizikwa karibu na mlango? Mara nyingi zimo katika daftari moja ndani ya sanduku, au katika kichwa cha mzee mmoja. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, kanuni 491, yaagiza kwamba orodha ya maandiko ya parokia ifanywe nakala mbili: moja ikae parokiani, ya pili jimboni. Eklezia yajua ya kuwa nyumba huungua.

Basi, wafratri na makatekista, fanyeni mambo mawili. Kwanza, kateni kiazi nusu, chongeni herufi moja, muipake wino, muigonge juu ya karatasi mbele ya watoto. Wengi wataikosea mara ya kwanza, na kosa lile litawafundisha kuliko maneno. Pili, mwendeeni mzee wa kapela, mwandike anayokumbuka, kisha mfanye nakala tatu: moja kwake, moja parokiani, moja jimboni. Siku hizi mashini ya kunakili haiko mbali, na karatasi si ghali kama kusahau.

Neno wa Mungu alikuwa mmoja, akajitoa kwa wengi. Nasi tusiyafungie maneno ya wazee wetu ndani ya sanduku moja.