Historia kwa Mama, Sehemu ya 4: Watoto 71 na mlango wa sinema

Leo tunaingia sinema, ila tunaenda kuongelea habari ya kutoka.

Mwenye mtoto mdogo ananielewa. Umelipa kiingilio, umekaa, filamu inaanza kunoga, mara mtoto anataka kukojoa, au sauti kubwa imemtisha, au usingizi umemkatika anaanza kulia. Unambeba unatoka. Mwisho wa filamu utakuja kusimuliwa na jirani. Watu watakutupia jicho, lakini hakuna atakayekuzuia, na mlango ukiusukuma unafunguka. Sasa huo mlango ndio nataka tuuongelee, maana haukuwa hivyo tangu mwanzo.

Twende Uskoti, mji wa Paisley, karibu na Glasgow. Usiseme huujui. Ile nakshi ya korosho iliyo kwenye kanga yako, Waingereza wanaiita kwa jina la mji huo, Paisley. Asili yake ni Uajemi na India, ila viwanda vya Paisley vilifuma shali nyingi zenye nakshi hiyo karne ya 19 mpaka jina likaganda. Ulikuwa mji wa nyuzi na vitambaa, mji wa wafanyakazi wa viwandani, watu wa kipato cha chini wenye watoto wengi.

Tarehe 31 Desemba 1929. Waskoti wa wakati ule hawakuipa Krismasi uzito kama wetu, sikukuu yao kubwa ilikuwa mwaka mpya. Na desturi yao ni kwamba mwaka mpya usiikute nyumba chafu. Kwa hiyo akina mama wako kwenye usafi, majivu yanatolewa, sakafu zinasuguliwa, na watoto wamejaa miguuni. Wewe ungefanyaje? Mjini kulikuwa na ukumbi unaitwa Glen Cinema, na mchana ule kulikuwa na onyesho la watoto, kiingilio kidogo tu. Mkubwa akapewa hela, akaambiwa mshike mdogo wako mkono, nendeni. Naomba tusiwahukumu hao akina mama. Walifanya ambalo kila mmoja wetu amewahi kufanya au atafanya.

Ukumbi ukajaa watoto zaidi ya 600, na watu wazima wa kuwaangalia walikuwa wachache mno.

Hapa niwaeleze kidogo kuhusu mikanda ya filamu ya enzi zile, maana ndiyo chanzo. Ilitengenezwa kwa selulosi nitrati, kitu ambacho ni ndugu wa karibu wa baruti. Ikishika moto inatoa oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo huwezi kuizima kwa kuifunika, na hata ukiizamisha kwenye maji inaendelea kuungua. Moshi wake ni sumu. Ndani yake kuna kaboni monoksaidi, hii hii inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, na kuna gesi za nitrojeni zinazounguza mapafu.

Mchana ule mkanda mmoja ulikuwa umeshaonyeshwa, ukarudishwa kwenye kopo lake la bati katika chumba cha mikanda. Kopo likaanza kufuka moshi mzito mweusi. Moshi ukaingia ukumbini, mtoto mmoja akapiga kelele moto, na basi.

Moto haukuwaka ukumbini. Kopo lilitolewa nje. Viti havikuungua, wala pazia. Watoto wangebaki wamekaa, ukumbi ungepulizwa hewa na hadithi ingeishia hapo. Lakini nani wa kumwambia mtoto wa miaka sita atulie wakati anaona moshi?

Wengi walikimbilia mlango wa nyuma ya skrini, unaoshukia ngazi kwenda uchochoroni. Mlango ule ulikuwa na geti la chuma, na geti lilikuwa limefungwa. Wa kwanza wakafika chini wakaligonga. Wa nyuma hawakujua kama mbele pamefungwa, wakaendelea kushuka. Waliokuwa ngazini wakaanguka, wengine wakawaangukia. Polisi na wazima moto walipofika, walikuta watoto wamerundikana kuanzia chini ya ngazi kwenda juu, na kuwatoa ilikuwa kazi kwa sababu walikuwa wameshikana kama nyuzi zilizosokotana.

Walikufa watoto 71.

Kama nesi wa wodi ya watoto naomba nieleze walikufaje, kwa sababu watu wengi hudhani ni moshi au ni kukanyagwa. Wengi wao walikufa kwa kubanwa. Ili upumue, kifua lazima kitanuke, mbavu zifunguke na misuli iliyo chini ya mapafu ishuke. Mtu akibanwa mbele na nyuma kwa uzito wa wenzake, kifua hakitanuki. Pua iko wazi, mdomo uko wazi, hewa ipo, lakini haiingii. Mtoto mdogo mbavu zake ni laini, zinaingia ndani haraka kuliko zako. Dakika chache tu ubongo unakosa oksijeni. Ndiyo maana wengi wa watoto wale hawakuwa na jeraha la kutisha. Mzazi alimkuta mwanawe kama amelala.

Walikimbizwa hospitali ya mji, Royal Alexandra Infirmary, kwa magari yoyote yaliyopatikana barabarani. Huwa nawafikiria manesi wa zamu ile. Mkesha wa mwaka mpya, wodi haina jipya, halafu mlango unafunguka wanaingizwa watoto kwa makumi, na nyuma yao wazazi wao. Kuwatambulisha wazazi miili ya watoto ni kazi ambayo chuoni hawakufundishi vya kutosha, nawaambia ukweli. Na siku ile zipo nyumba zilizopoteza zaidi ya mtoto mmoja, kwa sababu ya lile neno la mchana, mshike mdogo wako mkono.

Meneja wa ukumbi alishtakiwa kwa kusababisha vifo. Mahakama ikamwachia. Mabishano yalikuwa mengi kuhusu nani alilifunga lile geti na kwa nini. Mimi nitasema langu tu: mlango wa dharura unaofungwa kwa nje, sababu yake karibu kila mahali ni moja, kuzuia watu kuingia bure.

Sasa baada ya mazishi ndipo mlango wako wa leo ulipopatikana. Uingereza ilikuwa na sheria ya majumba ya sinema tangu 1909, lakini iliwekwa zaidi kwa hofu ya moto. Baada ya Paisley kanuni zikakazwa: milango ya kutokea iwe ya kutosha, ifunguke kwa nje, iwe na ile fito ya chuma ya kusukuma ambayo hata mtoto akiiegemea tu mlango unaachia. Idadi ya watu ikawekewa kikomo, na kwenye maonyesho ya watoto pawe na watu wazima wa kutosha. Ukiona fito ile kwenye ukumbi mkubwa hapa kwetu, ile yenye kibao cha kijani cha mtu anayekimbia juu yake, imetoka kwenye mambo kama haya.

Lakini kuna nchi ilichagua njia nyingine. Karibu miaka mitatu kabla ya Paisley, tarehe 9 Januari 1927, moto ulizuka katika sinema ya Laurier Palace, Montreal, Kanada. Watoto 78 walikufa, wengi kwa kukosa hewa ngazini walipokuwa wanatoka roshani ya juu. Mwaka uliofuata jimbo la Quebec likapitisha sheria: mtoto chini ya miaka 16 marufuku sinema. Sheria ile ilidumu mpaka miaka ya 1960. Kizazi kizima cha watoto kilikua kimekatazwa kuingia sinema.

Nikisoma hilo naona ni sisi kabisa. Mnakumbuka Tabora, Oktoba 2008? Ilikuwa Idd el Fitri, watoto wamevaa nguo mpya, wamepewa hela ya sikukuu, wamejazana kwenye disko toto. Hewa ikawaishia, wakabanana, watoto wapatao 20 wakafa. Tangu hapo kila sikukuu ikikaribia mnasikia polisi wa mkoa huu au ule wanatangaza, disko toto marufuku. Sibezi tangazo hilo. Lakini mtoto ukimkataza ukumbi wa disko, jioni hiyo hiyo yuko banda umiza anaangalia mpira au filamu iliyotafsiriwa, benchi zimebanana, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza liingie, mlango mmoja, na mlangoni kasimama jamaa anayekusanya hela. Hapo hakuna aliyetangaza chochote. Kwa maoni yangu Paisley walilenga pale penye tatizo kuliko Quebec. Waliugusa mlango.

Kwa hiyo mama, siku mtoto akikuomba hela ya banda, kabla hujatoa nenda mwenyewe ukaangalie. Milango mingapi? Unafunguka kwa nje au kwa ndani? Ule wa pili, kama upo, una kufuli? Nenda ukauguse, usiambiwe tu kwamba upo. Na mwenye banda mwambie bila kugombana, baba fulani, huu mlango tunaomba usifungwe watoto wakiwa ndani. Wakienda akina mama watano kumwambia, atasikia, maana hela zenu ndizo anazoishi nazo.

Na mtoto mwambie kwamba akijisikia vibaya, akiona moshi, akiona watu wanazidi, atoke. Hela ya kiingilio isimuumize, utampa nyingine. Wapo watoto wanaobaki ndani kwa sababu wanaogopa kuulizwa nyumbani mbona umerudi mapema na hela imeliwa.

Jambo moja la kitabibu nisilisahau. Mtoto aliyevuta moshi mzito, iwe wa godoro, plastiki au nyaya za umeme, mpeleke hospitali hata kama anacheza. Gesi zingine zinaunguza mapafu taratibu, saa kadhaa baadaye ndipo yanajaa maji na mtoto anaanza kuhema kwa shida. Usisubiri asubuhi.

Kule Paisley, kwenye makaburi ya Hawkhead, kuna jiwe la kumbukumbu la watoto wale, na mpaka leo watu huenda hapo kila mwisho wa mwaka kuweka maua. Sehemu ya 5 nitaiweka wiki ijayo panapo majaliwa, nitaandika kuhusu chanjo ya ndui. Huku chini niandikieni, banda la mtaani kwenu lina milango mingapi?