Uwezo unaobaki katika ugonjwa wa Alzheimer

Alzheimer ni ugonjwa unaoua seli za ubongo taratibu, kwa miaka mingi, na ndio chanzo kikuu cha demensia, yaani kupungua kwa uwezo wa kukumbuka na kufikiri, uzeeni. Umepewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Mgonjwa akianza kusahau, watu husema amerudi utotoni. Kauli hiyo si sahihi, kwa kuwa ugonjwa huu hauchukui akili yote kwa pamoja.

Kwa kawaida huanzia kwenye hipokampasi na maeneo ya jirani, panapotengenezwa kumbukumbu mpya. Ndiyo maana bibi huuliza swali lilelile mara tatu kabla chai haijapoa, kisha akasimulia harusi yake bila kukwama. Mazoea ya mikono, kama kusuka ukili au kupiga kinanda, hutegemea sehemu nyingine za ubongo na hudumu zaidi. Hisia nazo hudumu: mgeni husahauliwa, furaha ya ujio wake ikabaki.

Kwa mfano, mwimbaji Mmarekani Tony Bennett aligunduliwa kuwa na Alzheimer mwaka 2016. Tarehe 3 Agosti 2021, siku aliyotimiza miaka 95, alipanda jukwaa la Radio City Music Hall, New York, pamoja na mwimbaji Lady Gaga. Kwa muda mrefu kabla ya hapo alikuwa akimwita mwenzake huyo "mpenzi" tu, hata Gaga akawa hana hakika kama anatambuliwa. Jukwaani mzee alimtaja kwa jina, na nyimbo alizoimba miaka nenda miaka rudi zikamtoka moja baada ya nyingine. Siku chache baadaye hakukumbuka kwamba aliimba.

Watu pia hutofautiana jinsi ugonjwa unavyowaathiri. Utafiti wa David Snowdon, ulioanza Marekani mwaka 1986, ulifuatilia masista wa Kikatoliki 678. Baadhi yao, walipofariki na ubongo wao kupimwa, walikutwa na ubongo ulioharibika sana, ilhali uhai wao wote walifikiri vizuri. Wataalamu huita kinga hiyo akiba ya ubongo, na huihusisha na elimu na kazi za kufikiri.

Kwa hiyo, kumwuliza mgonjwa "Unajua mimi ni nani?" hupima kumbukumbu ileile iliyokwisha kuharibika, na humfedhehesha. Ukienda kumwona, jitambulishe kwa jina, kisha mwombe akuonyeshe kazi ambayo mikono yake bado inaijua.